Wilena anajifunza kusema "mimi ni"

Sufuria la sofki linatokota katika jiko la kituo cha chakula cha wazee mjini Weleetka, Oklahoma, Marekani. Mpishi, Wilena Fixico, anakoroga uji huo wa mahindi huku midomo yake ikichezacheza. Ukimtazama utadhani anasali, kumbe anajifunza kusema yeye ni nani.

"Nayarudia maneno haya mpaka ulimi unachoka," anasema akicheka.

Wilena, 52, hakulelewa kwa Kimaskoke, lugha ya watu wake, wenyeji wa asili wa Marekani. Mama yake, Nettie, alichapwa shuleni kwa kukisema, akaapa kwamba mwanawe hatayaona hayo. Nyumbani kikabaki Kiingereza tu. Mwaka jana Nettie akapatwa na kiharusi, Kiingereza kikamtoka chote. Ikabaki lugha ile aliyomficha binti yake.

"Kila nikiingia ananiuliza jambo lile lile. Nikamuuliza mjomba maana yake. Kumbe mama anasema, 'Wewe ni nani?' Nami hata kusema 'mimi ni' sikujua. Nilikwenda kulia garini."

Mjomba huyo, Amos Deere, hula hapo kila mchana, na ndiye aliyegeuka mwalimu. Katika Kimaskoke, "ni" huja mwisho: *towis* ukijisema mwenyewe, *tos* ukimsema mwingine. Wilena alizichanganya.

Siku ya kwanza alitamka neno la mpishi, akamalizia na *tos*.

"Yeye ni mpishi? Nani huyo?" Amos akageuka kutazama nyuma. "Mwite basi, aje aniongeze maharage!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mjomba, utakula sufuria tupu leo!"

Mwezi uliopita, alipoona ameyaweza maneno hayo, yeye na Amos walikwenda kwa Nettie. Wilena akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama mkono, akasema bila kukwama: mimi ni mtoto wako.

Nettie akajibu taratibu, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba. Amos akainamisha kichwa.

"Anasemaje, mjomba?"

"Anasema hapana, binti yangu. Anasema mtoto wake hajui Kimaskoke."

Wilena hakukata tamaa. Kila jioni, akishaosha masufuria, huenda kukaa naye. Nettie humpokea kama jirani mwema, akamwachia mkono wake aushike.

"Sasa namsumbua mjomba anifundishe kuuliza," anasema Wilena, akipunguza moto. "Nataka nimwambie mama, 'Hebu nisimulie habari za huyo mtoto wako.' Halafu nikae, nimsikilize."