Aproni ya Orosia

Orosia alikuwa na mbuzi arobaini, na katika bonde zima hakuna aliyemweza kwa ubishi. Lakini siku madaktari walipopanda mlimani kutafuta mbuzi wa kubeba mimba ya bukardo, yule mbuzi-mwitu aliyekwisha kutoweka, hakubisha hata kidogo. Baba yake ndiye aliyewaongoza wawindaji wa kigeni majabalini. Pembe za bukardo zilikuwa bado juu ya meko, na kila akipika aliona zinamtazama. Akawapa Royeta, mbuzi wake bora, wampandikize mimba waliyoitengeneza kwa chembe za ngozi ya bukardo wa mwisho.

"Unafufua wafu sasa?" Ramiro, mchungaji jirani, alimcheka. "Na akizaliwa ataishi wapi, kwenye hoteli za watalii wa theluji? Na mume atamtoa wapi?"

"Nitamwoza kwako wewe, mwanamume uliyekosa mke miaka yote."

"Nakuuliza kweli, Orosia."

"Baba yangu alisaidia kuwamaliza. Niache nijaribu."

Mimba ilipotimia, mtoto alitolewa tumboni mwa Royeta kwa upasuaji, huko kwa madaktari, jike. Orosia alimpokea kwenye aproni yake, akamfuta maji ya uzazi puani na mwilini. Mtoto alihangaika kutafuta pumzi, ulimi nje, kisha akatulia. Hakumaliza hata dakika kumi.

Royeta alipozinduka alianza kumwita mwanawe, chuchu zimejaa. Na nyumbani Orosia alikuwa na mwanambuzi yatima anayekataliwa na kila jike. Wachungaji wa huko wanajua dawa yake: yatima huvishwa ngozi ya mtoto aliyekufa, mama akinusa humpokea.

"Nipe ngozi, Dokta Lorién."

"Mama, siwezi. Duniani kote ni huyu tu. Hautoki hata unywele."

"Amekufa, mwanangu. Kuna aliye hai ana njaa."

"Tutajaribu tena. Tutaihitaji."

"Na mama yake anayelia hapa, mmeshamalizana naye?"

Daktari akafungua mfuko wa plastiki. Macho yake yalikuwa mekundu, na Orosia alimwonea huruma, ingawa hasira yake haikupoa. Mtoto akatiwa kwenye mfuko, akawekwa barafuni.

Aproni hakuna aliyeiulizia. Bado ilikuwa na unyevu. Njia nzima ya kurudi, Royeta akilia nyuma garini, Orosia aliikumbatia. Alikuwa ameazimia kutoifua maisha yake yote.

Zizini, Royeta alimpiga yatima kichwa, mara mbili. Orosia akainusa aproni mara moja, kisha akamfunga yatima ile aproni mgongoni mpaka mkiani. Royeta akanusa. Akanusa tena, kilio kikakatika, akaanza kuilamba. Yatima akapata chuchu.

Siku ya tatu Orosia aliifungua, akainusa upindo hadi upindo. Ilinuka mbuzi tu, mbuzi wa kila siku. Akakaa chini ya zile pembe, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata siku alipomzika baba yake.