Chupa Moja, Midomo Mitatu

Shule niliiacha darasa la nne huko kwetu Kenya, lakini katika duka hili la dawa hapa Bwaise hakuna wa kunidanganya. Nafuta rafu, nahesabu vidonge kwenye sinia, na ile dawa ya unga ya watoto naitia maji yaliyochemka yakapoa, hadi kwenye mstari, natikisa. Mfamasia ni binti wa rika la mjukuu wangu. Yeye ndiye anayeamua nani apewe nini. Mimi nawaeleza kwa Kiswahili wale wasiojua Kiganda.

Asubuhi moja akaja mama Mkongo, mtoto mgongoni, kifua kinakoroma kama birika. Siku nne nyuma nilimpa chupa ya siku tano. Sasa ilikuwa mkononi mwake, tupu.

"Umeimwaga?"

"Hapana, bibi. Iliisha juzi. Alianza kucheza, sasa kifua kimerudi."

"Iliishaje? Uliinywa wewe?"

Akainamisha kichwa. "Niliwapa wote watatu. Ni tamu, inanukia ndizi. Nimpe mmoja, wenzake wakitazama? Kwetu hatufanyi hivyo."

"Kwani hao wawili wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Wanalia."

Nilitaka kumfokea. Ulimi ukakataa. Mimi mwenyewe nililea watano, na yai moja nililikata kwa uzi ili kila mmoja aonje. Tena kosa lilikuwa langu pia: domo lote hili, na sikumuuliza nyumbani wako wangapi.

Mfamasia akahesabu pumzi za mtoto huku akitazama saa. "Jjajja," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "mwambie tunaanza chupa mpya leo. Na akiona mbavu za mtoto zinaingia ndani anapovuta pumzi, asije hapa, akimbie hospitali."

Nikamwambia. Lakini nilijua chupa hii nayo itagawanywa. Nikashusha pakiti ya glukosi.

"Sikiliza, mama. Wapange mstari. Mgonjwa anapewa ya chupa, hawa wawili kijiko cha maji ya glukosi, saa ileile. Ukichanganya, nitakufuata hadi kwako!"

Akacheka mpaka mtoto akaruka mgongoni.

Wiki iliyofuata walikuja wote wanne. Mgonjwa alitembea kwa miguu yake, akanivuta kanga. Wale wawili walisimama mbele ya kaunta, wameshapanga mstari, midomo wazi.

"Bibi, dawa yetu iko wapi?"