Chupa ya Maji ya Kipngeno

Quinter Opondo hucheka upesi, hukasirika upesi zaidi, na taya lake halifungi sawa. Anapima maji katika maabara moja mjini Kericho. Taya hilo lilivunjikia kazini.

Karibu na Kaplong, ng'ombe wanne wa mfugaji Kipngeno walikufa wakigonga vichwa ukutani. Kipngeno alimlaumu jirani wa juu ya kijito, anayeyeyusha betri kuukuu za magari katika tanuri. Quinter alimwachia chupa iliyolowekwa asidi, ateke maji mvua ikinyesha.

Mashine ya Quinter huzamisha waya majini. Umeme huvuta madini ya risasi, sumu ya betri, kwenye ncha, kisha huyabandua, na skrini huchora kilima. Maji ya Kipngeno yalichora mstari uliolala tu. Quinter akaandika: salama. Nakala ikamfikia jirani pia.

Jumamosi, vijana wa tanuri walimsomea Kipngeno karatasi hiyo sokoni, wakamvunja miguu yote miwili kwa nondo. Watu walisimama wakimwita mwongo. Mimi ninayesimulia haya nawachukia watu hao mpaka leo.

Quinter aliposikia, aliikagua chupa upya. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na vumbi jeusi. Akakimbilia nyumbani kwa Kipngeno, akamkuta Chepkurui, mkewe.

"Mama, nani aliosha hii chupa?"

"Ni mimi, madam. Ilikuwa inanuka dawa. Nikasugua na makaa ya mti wa senetwet, vile tunasafishanga kibuyu ya maziwa ya mursik. Sikutaka tukuletee chupa chafu."

Makaa yalikuwa yamenyonya madini yote. Quinter alishindwa kumwambia. Alichukua chupa nyingine, akashuka kijitoni peke yake.

Vijana walimkuta akifunga kifuniko. Pigo la kwanza la koleo lilimvunja taya. Alimng'ata mmoja kidole mpaka mfupa, kisha akailalia chupa, wakampiga mateke ya mbavu hadi wachuma chai walipoteremka wakipiga mayowe.

Siku ya tatu alitoroka wodini, akarudi maabara, akapima maji hayo. Damu ilidondokea meza. Kilima kilipanda mpaka kikapita juu ya skrini.

Akampelekea Kipngeno karatasi hospitalini. Kipngeno aliisoma mara mbili.

"Na ile ya kwanza?" akafoka. "Nani aliharibu?"

Chepkurui alikuwa amekaa hapo kitandani, akimkanda mguu uliobaki baada ya mwingine kukatwa.

Quinter, meno yamefungwa nyaya, aliandika nyuma ya karatasi: Nilikosea mimi.

Kipngeno akamtemea mate usoni. Quinter hakuyafuta mpaka alipofika nje.