Daktari Asiyegusa Mbwa

Daktari anayekagua vyeti vya wanyama wanaosafiri nje hamgusi mnyama kabla ya karatasi. "Nikimpapasa kwanza, muhuri utajigonga wenyewe," husema. Siku tangu chanjo ya kichaa cha mbwa huzihesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikichezacheza. Leo mbele yangu kwenye foleni kuna bibi anayehamia kwa bintiye, na mbwa wake mzee; ndege yao inaondoka baada ya saa mbili. Daktari akahesabu. Akahesabu tena, akianzia kidole gumba. Mara ya tatu akahesabu polepole mno, kama anayesubiri siku moja ijitokeze.

"Ishirini, mama. Huko uendako wanataka ishirini na moja."

"Sina wa kumwachia, mwanangu."

Chini ya meza, mbwa alikuwa ameshalaza kidevu juu ya kiatu cha daktari. "Anayefuata!" daktari akaita kwa ukali. Nikasogea na paka wangu. Mguu wa daktari haukusogea.