Uzio wa Minyaa Katika Kota za Reli

Jua halijatoka na upepo wa Manyoni bado umetulia. Severina Emilian anafunga kitenge kichwani, anavaa miwani aliyopewa na dereva wa bodaboda, kisha anainua panga kuukata uzio wa minyaa. Upepo ukianza itabidi aache, kwa sababu utomvu wa minyaa ukiingia machoni unachoma kama pilipili.

Upande wa pili wa uzio, Bi Amne ameketi barazani kwake, jagi la maji likiwa miguuni. Mwaka fulani utomvu ulimwingia Severina machoni, na bibi huyu ndiye aliyepita kwenye upenyo wa uzio akamwosha. Tangu hapo hukaa hapo na maji hadi Severina amalize kazi. Hajawahi kuombwa.

Kota hizi zilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Nyumba zimepangwa kwa mistari, kuta za mawe, paa za vigae, baraza mbele na jiko nyuma. Kati ya nyumba na nyumba ulipandwa uzio wa minyaa, ukaachiwa upenyo wa mtu mmoja kupita.

Severina, mjane wa miaka hamsini na mbili, ndiye anayeukata. Malipo ni madogo, kwa hiyo analima pia alizeti na uwele.

Mwezi huu kazi yake imetikisika. Antipasi, mpangaji mpya jirani na Bi Amne, ameshusha tofali za kujenga ukuta.

"Shikamoo mama. Wezi wanajificha ndani ya uzio huu," alimwambia. "Nataka niung'oe."

Severina alijua mmoja akijenga, wengine watafuata, naye hatakuwa na kazi. Alimwomba Antipasi avumilie kidogo, akaukata uzio uliokuwa umempita mtu kimo, ukabaki usawa wa kifua.

Asubuhi iliyofuata Antipasi alitoka nje kupiga mswaki, akatazamana na Bi Amne.

"Kumbe ni wewe," bibi akasema. "Miezi yote nasikia kikohozi tu. Dawa unakunywa?"

Antipasi anacheka anapolisimulia hilo. Kabla hajamaliza kunawa, chai ya tangawizi ilikuwa imeshapita kwenye upenyo. Hata hivyo, tofali zake bado zimepangwa uani.

"Nangoja masika yaje, yaishe," anasema. "Uzio ukirefuka tena, najenga."

Severina haoni ubaya wa sharti hilo. "Hautarefuka," anasema. "Mimi nipo."

Matawi aliyokata hakuyatupa. Ameyalaza juu ya tofali za Antipasi, kwa ruhusa yake, utomvu ukauke. Mvua zikikaribia, atayapanda kwenye kota ambazo uzio wake umekufa, mstari hadi mstari.

Ameshaanza kuchimba vishimo. Katikati ya mstari anaruka nafasi, anapanua mikono kupima upana wa mtu.

"Hapa sipandi," anasema. "Hapa patapita mtu na jagi."