Siku Niliyomwita Baba Mdogo kwa Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa nikiikumbuka viganja vyangu hulowa jasho. Lakini siwezi kukufikisha kwenye siku hiyo kabla hujamjua Fundi Nelo, maana bila yeye tungemzika baba yangu mdogo.

Miaka ile sabuni na sukari zilikuwa adimu, nami nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la tano. Nilivuna vitunguu Baray, nikachunga ng'ombe wa watu Arash, kisha nikarudi Karatu kwa sababu tu nilisikia kuna Mwitaliano anayeleta maji kwa mabomba kutoka msitu wa Ngorongoro. Nilitaka kuona maji yanavyovuka kilima. Nikapewa sururu.

Fundi Nelo alikuwa amewahi kuwa kipa wa kulipwa kwao Italia. Vidole vyake vilipinda kama tangawizi. Jioni, baada ya kazi, alitufundisha mpira. Mimi nikawekwa golini, na beki wangu akawa Tluway, mdogo wake baba, ambaye naye alichimba mtaro pamoja nasi.

Sasa, kwetu mtoto hampazii sauti mkubwa wake, sembuse kumtaja kwa jina tupu. Wewe umekulia mjini, pengine utacheka. Mpira ulipokuja juu nilisema kama nilivyolelewa: "Baba mdogo, samahani, naomba huo niuchukue mimi." Nilipofika kwenye samahani, mpira ulikuwa umeshapita mstari.

Fundi Nelo alinijia uso umewiva. "Kipa bubu ni nguzo ya tatu! Mpira hausubiri shikamoo. Ita jina, toa amri. Tluway, acha! Tluway, toka!"

"Ni baba yangu, Fundi."

"Golini huna baba. Una macho. Yeye hana macho mgongoni."

Baba mdogo akatema mate pembeni. "Athubutu," alisema. "Nitamchapa fimbo mbele ya refa." Wenzetu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini jina sikulitaja.

Kesho yake tukinywa uji kando ya mtaro nilimuuliza Fundi kwa nini aliacha kazi ya mpira. Kuuliza si ujinga, ingawa siku ile nilitamani nisingeuliza.

Alisajiliwa akiwa kijana mdogo, akakaa benchi misimu mingi akingoja kipa mkubwa azeeke. Alipopata nafasi, kila Jumapili kabla ya mechi alitapika chooni kwa woga. "Watu wanadhani kipa haogopi," alisema. "Kipa analipwa ili aogope. Anaogopa mapema kuliko wengine, halafu anawaambia." Kwa woga huo akapanda mpaka daraja la juu. Huko nahodha alikuwa beki wa makamo, asiyependa kupigiwa kelele na kijana, akamkaripia mbele ya timu nzima. Mechi iliyofuata uwanja ulijaa ukungu. Mpira mrefu ukaja. Nelo aliuona, akamwona na nahodha akirudi kinyumenyume, macho juu. Neno la kusema lilikuwa moja tu, "Wangu!" Akalimeza. Akaruka, na goti lake likampata nahodha kichwani.

"Alikufa?" niliuliza.

"Aliishi. Lakini hakumjua tena mke wake."

Tangu hapo, kila mpira wa juu ulipokuja, Nelo alisikia mlio ule wa mfupa, na mikono ikakataa kufunguka. Akarudishwa benchi, kisha akaachwa, akajifunza ufundi bomba kwa mkwewe. Kazi aliyoisubiri ujana wake wote iliishia kwenye neno ambalo hakulisema.

Basi, siku yenyewe. Tulipanda msituni kwenye chemchemi, ukungu umetanda mpaka huoni mti wa pili. Fundi alikuwa chini mtelemkoni akichagua bomba. Baba mdogo alipiga magoti ukingoni mwa mtaro akikaza nati, maji yakivuma. Mimi nilikuwa zamu ya kulinda.

Kwanza ilikuja harufu. Harufu ya ng'ombe, mahali ambapo hakuna ng'ombe. Kisha ukungu ukafunguka kidogo nikamwona nyati dume, mzee, mpweke, matope yamemkaukia mgongoni. Alikuwa akiutazama mgongo wa baba mdogo.

"Baba mdogo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Hakusikia. "Baba mdogo, samahani..."

Nyati akainamisha kichwa.

Mwanangu, suruali yangu ililowa, sikufichi. Ndipo koo likafunguka lenyewe: "Tluway! Mtaroni! Lala!"

Hakuuliza ni nani. Akajitupa chini kama gunia. Ardhi ikatetemeka, nyati akapita juu yake, akalipiga bomba pembe likaruka, akatokomea msituni. Mimi nilibaki nimekumbatia mti, naogopa kuchungulia mtaroni.

Baba mdogo akainuka, mdomo umejaa tope. "Nani ameniita hivyo?"

Tulipofika nyumbani akanishtaki kwa mama yake, bibi yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi. "Mtoto huyu ameniita kama anavyoita mbwa. Tena mzungu akisikia!"

Bibi hakuinua macho. "Tluway, ulitaka akuite kwa heshima, ukazikwe kwa heshima?"

Kisha akamwambia avue koti alishone. Pembe ilikuwa imelipasua kutoka begani hadi kiunoni. Bibi akaingiza mkono wake mzima kwenye ule mpasuko, ukatokea upande wa pili, akaanza kulia. Baba mdogo akaketi chini karibu yake, akaniita kwa mkono nami niketi.

Mwanangu, woga si aibu. Aibu ni woga uliofungiwa mdomoni mpaka mwenzako akaumia. Waheshimu wakubwa zako, lakini jua kwamba adabu ni ya walio hai. Ukiona hatari nyuma ya mtu, awe baba, awe bosi, awe padri, mwite kwa jina lolote litakalomgeuza. Akikasirika, mshukuru Mungu kwamba yupo wa kukasirika.

Nakuombea macho yanayoona mapema na koo lisilokauka, na kila utakayemwita ageuke angali mzima.