Siku Niliyomrudisha Kidoti

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilifanya jambo jema moja ambalo mpaka leo sijajua nijisamehe vipi. Nilimpata paka wetu aliyepotea.

Tulikuwa tukikaa Mgogoni, mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama. Paka tulimwita Kidoti, dume jeupe lenye baka jeusi juu ya jicho na sikio lililochanika. Alikuwa akilala miguuni pa mama. Mwaka ule mama aliugua, tumbo likamvimba na mikono ikabaki mifupa, na asubuhi moja Kidoti hakuonekana. Nilimtafuta uvunguni, kwa majirani, mpaka jaani, huku nalia. Bibi, ambaye kijiko kikipotea nyumba nzima haikai, safari hii hakutafuta chochote.

"Paka kaondoka na lake," aliniambia. "Usimtafute, na jina lake usilitaje humu ndani."

Mimi na ukaidi wangu, kunikataza ilikuwa ndiyo kunituma.

Siku ya nne mama aliamka, akakaa kitako, akanywa uji kikombe kizima. Bibi alifurahi mpaka akaimba jikoni, nami nikatumwa sokoni Konde kununua sukari. Pale wanapouza samaki, chini ya meza, nikamwona Kidoti anagombania matumbo ya samaki changu na paka wa sokoni. Alikonda, mchafu, lakini sikio lilikuwa lilelile. Nilipomwita alikuja mbio. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nikaomba pakacha kwa muuza samaki, nikamtia ndani, nikamfunika kwa ushungi wangu, nikarudi nyumbani kichwa wazi na sukari nimeisahau.

Bibi alikuwa uani anakuna nazi. Nilipofunua pakacha, kifuu kilimponyoka.

"Weye mwana weye! Nani kakutuma?"

"Nimempata mwenyewe, bibi. Sokoni Konde."

Alikaa mchangani akajishika kichwa, ndipo akanieleza. Mama alipokuwa amelala, yeye alimzungusha paka yule mara saba juu ya kichwa cha mama, akanuia maradhi yamhamie paka. Kisha mjomba wangu akampeleka mbali ili asirudi nayo.

"Nawe ushayarejesha," alisema, "kwa mikono yako mwenyewe."

Hatujajua la kufanya, Kidoti keshaingia ndani. Tukamsikia mama anacheka, kicheko chembamba ambacho hatukukisikia kwa miezi. "Njoo, baba. Ulikuwa wapi siku zote?" Bibi alikwenda mpaka mlangoni na ufagio mkononi. Akamtazama mwanawe alivyomkumbatia paka, akashindwa kumfukuza.

Mama alifariki Ijumaa iliyofuata, Kidoti akiwa miguuni pake.

Bibi hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu, ningepata la kumjibu. Kwenye hitima aliwaambia watu kuwa siku ya mwanawe ilifika, nami nilijificha nyuma ya pipa la maji, nasubiri aseme lile jingine. Hakulisema. Kidoti alibaki kwetu, na bibi ndiye aliyempa vichwa vya samaki kila siku mpaka paka akafa kwa uzee. Zamani nilidhani anamwogopa. Sasa naona alikuwa anamlisha yule aliyemchekesha mwanawe mara ya mwisho.

Leo nafanya kazi hospitali. Najua ini likiharibika linafanya nini, na najua mgonjwa huweza kupata nafuu ya siku mbili tatu kabla hajaondoka. Nimewaeleza hayo watoto wa wagonjwa wengi, kwa sauti ya utulivu, na nayaamini ninapoyasema.

Binti yangu naye ametimiza miaka tisa. Kila akiona paka barabarani ananiomba tumchukue, na mimi namwambia nina pumu, manyoya yataniziba pumzi. Ananihurumia, ananishika mkono, tunapita. Sina pumu, wala sijawahi kuwa nayo.